Tunaona Yupo Mnyuzi

Ujumbe wa kwanza ulinikuta nimekaa eda, mchana, nachambua mchele kwenye ungo. Simu yangu ni kitochi cha vitufe, na nyumbani kwetu Kwamsisi mtandao haukamatiki kila mahali, kwa hiyo huwa naitia kwenye mfuko wa nailoni na kuitundika kwenye msumari wa dirishani. Ikitetemeka, mfuko unachakarika kama panya kaingia. Niliinuka, nikafuta mikono kwenye kanga, nikasoma.

"Umeingia kwenye akaunti yako. Mahali: Dar es Salaam. Kama si wewe, wasiliana nasi."

Juu yake palikuwa na jina la ile kampuni ya sarafu za mtandaoni. Akaunti ilikuwa ya mume wangu. Na mume wangu alikuwa amelala nyuma ya nyumba, kwenye mpaka wa shamba la mihogo, udongo wa kaburi lake bado haujashikana.

Niliusoma tena. Kisha nikarudi kwenye mchele wangu.

Mume wangu alikuwa fundi simu. Hakuwa na duka. Alizunguka na pikipiki kwenye magulio na minada, leo huku, kesho kule, na sanduku la vifaa amelifunga nyuma kwa mpira. Wateja wake wengi walikuwa wafugaji waliokuja mnadani na ng'ombe, simu zao wamezifunga kwenye vitambaa, zimejaa vumbi mpaka kwenye matundu ya chaji. Sarafu za mtandaoni alizianza kwa ajili ya vioo. Alikuwa akiagiza vioo na betri nje ya nchi, na mtu aliyekuwa akimuuzia huko alikubali malipo ya aina hiyo. Akafungua akaunti, akachagua lugha ya Kiswahili, na penye kuandika namba ya simu akaandika yangu.

"Kwa nini yangu?" nilimuuliza.

"Yako haina kioo," akasema. "Nani atakuibia hiyo? Hata ukiiacha barabarani, mtu atakuletea na pole juu."

Alikuwa na utani wa namna hiyo, wa kusema huku anatazama kitu kingine.

Nilisoma mpaka darasa la saba, na mambo ya mtandao niliyoyajua ni yale aliyonieleza yeye tukiwa tunakula. Alisema ukifungua tovuti, nayo inakutazama. Hujaandika jina, hujasema kitu, lakini imeshajua unatumia simu ya aina gani, ukubwa wa kioo chake, lugha unayosoma, saa uliyoingia, umetokea tovuti gani, umekaa kwenye ukurasa gani kwa muda gani, na umegusa wapi. Inaacha na alama ndani ya simu yako, vitu vinavyoitwa vidakuzi, ili ukirudi ikutambue. Na wanaoshika sarafu hizi, alisema, wanatazamwa zaidi, kwa sababu mtu anayejua una sarafu na anajua uko wapi amekaribia kujua mlango wako.

Kwa hiyo alikuwa na kawaida yake. Kila Ijumaa akitoka kuswali, kabla ya chakula, alikaa kwenye mkeka akafuta hivyo vidakuzi na kumbukumbu za kurasa. Yeye aliita kufagia. Kila programu iliyoomba kujua alipo, aliinyima. Nilidhani ni ukaidi tu. Baadaye nilielewa kuwa ni kazi yake iliyomfundisha. Fundi simu anafunguliwa simu za watu, na ndani ya simu kuna kila kitu. Akipokea simu, kwanza alimrudishia mwenyewe: "Funga picha zako, funga ujumbe wako, ndipo unipe." Wengine walimcheka. Yeye alingoja mpaka wafunge.

Alifariki barabarani, mvua ikinyesha, akitoka mnadani. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Siku ya arobaini, baada ya kisomo, wazee waligawa vitu vyake kama inavyofanywa kwetu. Nguo zilikwenda kwa wajomba. Jembe na panga vilibaki nyumbani. Sanduku la vifaa akapewa fundi mwenzake. Simu akapewa mdogo wake wa kiume, anayekaa Kwamndolwa, Korogwe, na kufanya kazi kwenye mashine ya kusaga, kwa kuwa yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Hakuna aliyepinga. Ilikuwa simu nzuri, na ilitolewa kama baiskeli inavyotolewa, mtu anaipanda anaondoka. Hakuna aliyefikiri kuwa marehemu bado yumo ndani, ameingia kwenye akaunti yake na hajatoka. Hata mimi sikufikiri.

Ule ujumbe wa kwanza ulikuja wiki hiyohiyo, na wa pili siku chache baadaye, mchana vilevile. Dar es Salaam. Kisha mwingine. Mjane aliye katika eda hatoki, na mimi sikuwa na pa kwenda kuuliza. Nilijua kabisa kuwa si yeye. Nilimwona akifunikwa. Lakini mtu akiwa peke yake ndani ya nyumba, mchana kutwa, na kitu kikamwambia mara kwa mara kuwa mumewe ameingia, akili inajua yake na moyo unajua wake. Nikaanza kungoja. Nikimaliza kuswali adhuhuri, nilisogeza kigoda karibu na dirisha. Ujumbe ukija, nilisema moyoni, haya, umefika. Usipokuja, siku ilikuwa ndefu.

Kitu kimoja tu kilinisumbua, hiyo Dar es Salaam. Mume wangu hakuipenda. Alikwenda kwa lazima na kurudi siku hiyohiyo, akilalamika joto. Na shemeji yangu yuko Kwamndolwa. Nikaanza kudhani simu imeuzwa, pamoja na picha zetu.

Shemeji alikuja kutusalimia, amebeba kiroba cha unga. Mimi nilikaa ndani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Yeye alikaa barazani. Mama mkwe alijiweka kizingitini katikati yetu, kama ilivyopasa, na kila kilichotoka kwangu kwenda kwa shemeji kilipitia mikononi mwake.

"Shikamoo shemeji," akasema upande wa pili.

"Marahaba. Habari za Korogwe?"

"Nzuri. Vumbi la unga tu."

"Unakwenda Dar siku hizi?"

"Dar? Nikafanye nini Dar? Nauli yenyewe nitaitoa wapi?"

"Simu iko wapi?"

Nadhani alielewa nilichokuwa nikiuliza. "Mama, mpelekee aione," akasema. Mama mkwe akanipitishia simu. Ilikuwa ileile, na pembeni pana alama ya kuungua aliyoiacha mume wangu kwa chuma cha kulehemu. Niliishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mimi huwa naifungua tu ile akaunti yake," shemeji akasema. "Wakati wa mapumziko mashineni. Sigusi kitu, na hata nikitaka siwezi, kaka aliwahi kuniambia ukigusa inadai namba fupi inayotumwa. Naangalia tu. Nikiiona nahisi kama anafanya kazi."

Nikamwambia habari ya ujumbe. Akashangaa. Nikamrudishia simu, akaifungua palepale barazani, na dirishani mfuko wangu ukachakarika. Mama mkwe akaenda kuutazama, akaniletea kitochi.

"Imeandika nini, mwanangu? Mimi sioni herufi hizo."

Nikasoma. "Dar es Salaam."

"Basi hongereni," akasema mama mkwe. "Miaka yote nimetaka kwenda Dar. Kumbe mtu anafika akiwa barazani kwake."

Tulicheka, wote watatu. Nilikuwa sijasikia sauti yangu ikicheka tangu msiba. Shemeji akaeleza kama alivyowahi kuelezwa na kaka yake: simu ikiingia mtandaoni inapewa namba, na kampuni ya sarafu inatazama namba hiyo na kukisia umetokea wapi. Namba zetu nyingi mlango wake uko Dar es Salaam, basi tovuti inaona Dar. Kaka yake hakuwahi kuiruhusu ijue zaidi ya hapo.

Wakati anaongea, kwenye kioo pakatokea swali. Akalisoma kwa sauti: "Ruhusu programu hii ijue mahali ulipo?"

"Anauliza kwa adabu," akasema mama mkwe. "Mtu akipiga hodi unamwambia nini?"

"Karibu," akasema shemeji.

"Haya, mkaribishe."

Shemeji aligeuza uso kuelekea mlangoni kwangu. "Shemeji, unasemaje?"

Tumelelewa hivyo. Mtu aliyebisha hodi haachwi mlangoni, hata kama humjui, hata kama chakula hakitoshi. Lakini mimi nilimwona mume wangu kwa macho yangu akilikataa swali hilohilo kila lilipotokea. Nilijua. Na nikasema, "Mruhusu." Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka ujumbe uache kusema Dar es Salaam. Nilitaka useme mahali ninapopajua.

Na kweli ukasema. Jumapili iliyofuata: "Mahali: Korogwe, karibu na Kwamndolwa." Mwingine vilevile. Nilikuwa napajua pale, naweza kuuona mti ulio mbele ya mashine na wanawake walioketi na mahindi yao. Niliona kama mtu wangu ametoka safari ya mbali akafika karibu. Nilingoja zaidi kuliko mwanzo. Nilikuwa napika mapema ili nisiwe jikoni wakati huo.

Shemeji naye, kwa nia njema, alifuata tangazo moja lililotokea kwenye simu, la tovuti ya kuonyesha thamani ya sarafu zako. Iliuliza kuhusu vidakuzi, akagusa "Kubali vyote". Iliuliza namba ya simu ya mwenye akaunti, akaandika yangu. Iliuliza mahali, akakaribisha. Alikuwa ameshazoea kukaribisha. Sisemi kwamba yaliyofuata yalitokana na tovuti hiyo. Sina uhakika, na sipendi kusema nisichokijua.

Yaliyofuata ni kwamba mtu alinipigia. Ilikuwa asubuhi, nimetoka kuanika kanga uani, mfuko sijautazama. Namba ngeni, sauti ya kijana mwenye heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nazungumza kutoka kitengo cha usalama wa akaunti. Samahani, naongea na mwenye akaunti?"

"Mwenye akaunti amefariki."

Nikasikia kama anapekua kitu. "Pole sana mama. Lakini mama, hapa kwenye mfumo tunaona yupo Mnyuzi."

Nikaikaza simu sikioni.

"Ameingia leo. Yupo Mnyuzi, si mbali na reli. Anatumia Kiswahili. Kwa kawaida anaingia mchana, leo kaingia mapema." Akataja na aina ya simu, sawasawa kabisa. "Kwa hiyo kuna tatizo mama, na tunataka kumlinda. Kuna namba fupi inakuja kwenye simu yako sasa hivi. Nisomee tu, mimi nitamaliza."

Simu ikatetemeka shavuni. Niliitoa sikioni nikatazama. Namba ilikuwa imefika, na chini yake, kwa kile Kiswahili chao kama cha mgeni, "Usimpe mtu yeyote msimbo huu." Nikairudisha sikioni.

Niseme ukweli. Sikuwa nafikiria sarafu. Sikuwa nafikiria wezi. Tangu siku ya mazishi kila mtu aliniambia "alikuwa". Alikuwa mpole, alikuwa fundi, alikuwa hapendi makuu. Hata mama yake aliyemzaa alisema alikuwa. Na sasa palikuwa na mtu mmoja anayesema yupo. Yupo Mnyuzi, karibu na reli. Ameingia leo.

"Anafanya nini?" nikauliza.

"Samahani mama?"

"Huko Mnyuzi. Anafanya nini?"

"Mama, mimi nahitaji tu ile namba."

"Umesema mnamwona. Nakuuliza anafanya nini."

Akakata.

Nilikaa chini uani, penye jua. Baadaye nilimpigia shemeji kwenye laini yake. Alikuwa kweli Mnyuzi, amekwenda na tajiri wake kununua mahindi, na alifungua ile akaunti walipokuwa wanangoja gari kupakia. Nilipomweleza, sauti yake ilibadilika. Mtu asiyemjua amemwona amesimama Mnyuzi. Akasema alitazama pande zote za barabara, akaona watu na magunia tu, na kila mtu akamtilia shaka.

"Shemeji, nizime?"

"Zima mahali," nikasema. "Akaunti iache kwanza, usiifungue. Nikitoka eda nitakuja."

Siku zilizobaki ujumbe haukuja. Bado nilikaa dirishani baada ya adhuhuri. Kigoda kilikuwa palepale.

Eda ilipoisha nilioga, nikavaa nguo nyingine, nikasalimia kaburi, nikapanda gari kwenda Korogwe. Nilimkuta shemeji mashineni Kwamndolwa, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Akajipangusa. Mke wake akanipa chai na mihogo, akakaa nasi. Tukaweka simu mbili juu ya meza, ya marehemu na kitochi changu.

Kilichokuwa kwenye akaunti kilikuwa kidogo. Tulikitoa, na saruji ya kaburi ilinunuliwa kwa hicho. Hayo yalikwisha upesi. Kila hatua ilidai namba fupi, inakuja kwangu, namsomea shemeji, anaandika. Mara hii nilijua ninamsomea nani.

Kisha tukafika kwenye kufunga. Shemeji alisoma polepole ukurasa mrefu wa mambo wanayokusanya. Yalikuwa yaleyale niliyoambiwa kwenye mkeka: aina ya simu, lugha, namba ya mtandao, saa za kuingia, kurasa, muda wa kukaa kila ukurasa, mahali ukiruhusu. Mke wa shemeji akasema, "Huyu angekuwa jirani, tungemhama." Chini palikuwa na haki za mtumiaji. Unaweza kuomba wafute. Unaweza pia, kabla hawajafuta, kuomba wakupe nakala ya yote waliyonayo juu yako.

Shemeji alisimama hapo. Hakunitazama.

"Shemeji, tuombe nakala?"

Nilielewa anachosema. Saa zote alizoingia. Ni nini alichokitazama, na alikitazama kwa muda gani. Pengine hata siku ile ya mvua, alipokuwa mnadani, kabla ya kuwasha pikipiki. Mimi simjui mume wangu wa siku ile. Aliondoka asubuhi, nikamwona tena amefunikwa shuka. Pale katikati sina kitu, na wao pengine wana kitu.

Nilitaka. Mtu asidhani sikutaka. Chai yangu ilipoa pale mezani.

Lakini nilimkumbuka kwenye mkeka, Ijumaa, amekunja miguu, anafagia. Hakuwa na siri za aibu, ninavyomjua. Alitaka tu mambo yake yawe yake. Yaliyobaki mikononi mwa ile kampuni ni yale ambayo ufagio wake haukuyafikia, na nikiyaomba nitakuwa nachungulia jalalani mwake kama wale wengine. Angetaka nijue jambo, angeniambia tukiwa tunakula. Mengi aliniambia.

"Usiombe," nikasema. "Waambie wafute."

"Una uhakika?"

"Hapana. Futa."

Hata kufuta walitaka kitu. Walitaka watumiwe picha ya kitambulisho na ya uso wa anayeomba. Shemeji akacheka bila furaha. Tukarudi nyuma tukatafuta, tukakuta kwamba akaunti iliyo tupu inaweza kufungwa kwa ile namba fupi peke yake. Ikaja. Nikaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, taratibu, kama mtu anayesoma majina. Shemeji akaandika. Kitochi kikatetemeka mezani mara ya mwisho: "Akaunti yako imefungwa. Taarifa zako zitafutwa." Kuna baadhi watabaki nazo kwa muda kwa ajili ya sheria, ndivyo ukurasa ulivyosema. Kama wamefuta kweli, siwezi kuthibitisha. Nimeambiwa tu.

Shemeji akafagia simu, akazima mahali kwenye kila kitu, akanionyesha nione. Picha zetu akazihamishia kwenye kadi ndogo akanipa. Nimeishona kwenye pindo la kanga ya eda.

Jioni nilirudi Kwamsisi. Kesho yake, baada ya adhuhuri, nilijikuta nimekaa dirishani. Nilikaa mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye mihogo. Mfuko haukuchakarika. Kesho kutwa yake nikakaa tena.

Sasa muda umepita. Kigoda nimekirudisha jikoni, msumari bado upo, kwa kuwa mtandao haupatikani mahali pengine. Siku moja moja shemeji hupiga, kwa laini yake, akiwa safarini na tajiri wake.

"Shikamoo shemeji. Nipo Mnyuzi."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Tunapakia mahindi."

"Haya. Usinyeshewe."

Huwa hana zaidi, nami sina. Anakata, narudisha simu kwenye mfuko, natoka kwenda kung'oa magugu upande wa kaburini, ambako simu haishiki.